Mrejesho: protini kwenye vipande vya titani, kosa limepatikana

Wadau, nimerudi. Kwa asiyekumbuka: niliuliza kwa nini vipimo vyangu vya fibrinojeni (protini ya damu inayosaidia damu kuganda) iliyonata kwenye vipande vya titani vilikuwa juu kupita kiasi. Tabaka moja la protini hiyo kwenye uso laini kwa kawaida halifiki mikrogramu 1 kwa sentimita mraba, na mimi nilikuwa napata mara kadhaa zaidi.

Aliyesema "angalia plastiki" alilenga penyewe. Protini haichagui: inanata kwenye titani, na pia kwenye kuta za kishimo cha sahani ya plastiki ninamoweka kipande. Nilikuwa namimina SDS (sabuni ya maabara ya kubandua protini) humohumo, kumbe napima vyote viwili. Jumanne nikahamisha kila kipande kwenye kishimo kipya kabla ya kukibandua protini. Rangi ya BCA (kipimo cha jumla ya protini: kijani ni kidogo, zambarau ni nyingi) iliyokuwa zambarau ya kukolea ikatoka kijani chenye uzambarau kidogo tu. Nilicheka peke yangu.

Mama anayesimamia maabara yetu, asiyependa mzaha hata kidogo, akaniongezea: "Usikinyanyue hivyo kutoka kwenye mchanganyiko wa protini, kijana. Mimina bafa (maji ya chumvi ya kusuuzia) kwanza, uvute, umimine tena." Kumbe kipande kikipenya uso wa kimiminika kinazoa protini ya ziada.

Nimebakiwa na vipimo vya plazima, yaani majimaji ya damu yenye protini nyingi tofauti, na hapo ndipo pagumu. Albumini, protini iliyo nyingi zaidi humo, hutangulia kunata, kisha fibrinojeni huisukuma kando, lakini BCA hujumlisha zote. Nangoja kingamwili za ELISA, kipimo kinachotambua kila protini kivyake. Ziko uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, tangu Ijumaa, na barafu yake sijui imebaki kiasi gani.