Ukoo wa Chumbageni

Anti Mwaju: Assalaam alaykum. Rehema anajifungua kwa kupasuliwa Alhamisi asubuhi. Nataka watu wawili wa kutoa damu na mmoja wa kumsindikiza. Mjibu, msipite kimya kimya.

Anti Mwaju: Tiki za bluu naziona.

Shabani: Damu yangu mimi imejaa chai 😂

Rehema: Anti, mimi nataka nusu kaputi, nilale kabisa. Jirani anasema ukichomwa sindano ya mgongo, mgongo unauma maisha.

Mama Nasri: Mgongo wake ulianza kuuma hata hajaolewa, tunamjua 🤣

Asha: Rehema, mimi nimechomwa. Wanakukalisha, unakumbatia mto, unajikunja kama kamba wa kukaanga. Miguu ikapata joto, halafu ikawa kama si yangu. Nilisikia kuvutwavutwa tumboni, maumivu hapana. Mtoto kalia niko macho.

Asha: Kilichonikera ni kutoambiwa. Nilitetemeka meno yakagongana, nikapiga shahada kabisa. Kumbe kawaida! Mtu wa usingizi angenidokeza tu mapema. Na kesho yake kichwa: nikikaa kinapasuka, nikilala kinatulia. Hicho ukikipata waambie, usinyamaze kama mimi.

Shabani: Kama tulivyonyamaza na hela ya turubai la arobaini 👀

Mama Nasri: Shabani usinianze. Risiti nilimpa Kaka Idi mkononi.

Kaka Idi: Risiti ipi?

Anti Mwaju: JAMANI. DAMU. ALHAMISI.

Bibi: (Zuhura naandika, Bibi anasema) Rehema, baba yako nilimzaa kwa nusu kaputi. Nimezinduka usiku, mtoto nikaletewa kesho yake. Kilio chake cha kwanza walikisikia manesi. Mimi sijakisikia mpaka leo.

Rehema: Shikamoo Bibi. Nimekusikia.

Rehema: Ila huyo mtu wa usingizi nitamuuliza kwanza. Hiyo ya kutetemeka, na wanasema presha inashuka.

Anti Mwaju: Muulize kesho, si ukiwa umeshavaa gauni la tieta. Shabani, wewe na chai yako, kesho saa 2 benki ya damu. Wa pili nani?

Anti Mwaju: Wa pili?

Kaka Idi: Mi nina presha.

Mama Nasri: Kusindikiza labda mimi, nikibadilishiwa zamu. Nitawaambia.

Asha: Rehema, chukua na kanga nzito, tieta kuna baridi.

Juma Muscat: Ndo nashika simu saa hizi. Nani anapasuliwa?