Kompyuta mpakato ya kuchorea ramani: i7 nyembamba au i5 yenye kadi ya grafiki?

Mwanafunzi_Usanifu

Habari zenu wakuu. Ninasoma usanifu majengo, mwaka wa pili, na kompyuta ninayoitumia sasa imeelemewa. Nikizungusha modeli ya jengo katika programu ya SketchUp yenye samani chache tu, picha inaruka-ruka, paa linatoweka na kurudi, na nikihifadhi faili la programu ya Revit ninaweza kusoma kurasa mbili za kitabu kabla kile kiduara hakijaacha kuzunguka. Nimedunduliza fedha kwa muda mrefu, na sitarajii kununua nyingine kabla ya kumaliza masomo, kwa hiyo ninaomba ushauri wa wenye uzoefu kabla sijafanya kosa nitakaloishi nalo kwa miaka kadhaa.

Nimebakiwa na mbili ambazo bei zake zinakaribiana. Ya kwanza ni nyembamba, ina kilo 1.3, prosesa ya Core i7-1355U, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 16, SSD (hifadhi ya mafaili) ya TB 1 na skrini inayopendeza sana, ila haina kadi ya grafiki inayojitegemea, yaani kifaa chake maalumu cha kutengeneza picha. Ya pili ni nene, ina kilo 2.4 bila chaja, prosesa ya Core i5-13500H, RAM ya GB 8, SSD ya GB 512 na kadi ya RTX 4050 yenye kumbukumbu ya GB 6. Muuzaji anasisitiza kwamba i7 haiwezi kushindwa na i5 hata siku moja, na kwamba hiyo ya pili ni ya wacheza michezo.

Kazi zangu ni AutoCAD, Revit na SketchUp, na mwaka ujao tutaanza kutumia Lumion kwa picha za mawasilisho. Je, nichukue ipi?

Msanifu_Mkongwe

Ndugu mwanafunzi, pole na kiduara hicho, ninakifahamu. Nianze na hilo la muuzaji, kwa kuwa ndilo linalowapoteza wengi. Katika prosesa hizi, namba 5 au 7 inayotangulia haielezi mengi. Herufi ya mwisho ndiyo inayokuambia kompyuta imeundwa kwa kazi gani. Zenye herufi U zimepangiwa wati 15, ili betri idumu na umbo libaki jembamba, na zenye herufi H zimepangiwa wati 45. Hiyo i7-1355U ina viini 10, yaani sehemu za prosesa zinazofanya hesabu, lakini vikubwa ni 2 tu, na 8 vilivyobaki ni vidogo vya kubana matumizi ya umeme. Hiyo i5-13500H ina viini 12, na vikubwa ni 4. Katika kazi inayodumu zaidi ya dakika chache, i5 hiyo itaiacha i7 hiyo mbali.

Hata hivyo, ile nyembamba nayo ina haki yake. Kuchora ramani za sakafu na mikato katika AutoCAD, na hata sehemu kubwa ya kazi za kila siku za Revit, hutegemea kiini kimoja kwa wakati, na kiini kikubwa cha i7 hiyo kinaweza kufikia kasi ya GHz 5.0 kwa kipindi kifupi, ilhali cha i5 kinaishia GHz 4.7. Ungekuwa mtu wa AutoCAD peke yake, ningekuambia uchukue nyembamba na mgongo wako upumzike.

Lakini umeitaja Lumion, na hapo hesabu inageuka. Lumion, kama zilivyo Enscape, Twinmotion na D5, hupeleka karibu kazi yote ya kurenda, yaani kugeuza modeli kuwa picha inayofanana na halisi, kwenye kadi ya grafiki. Kwa programu hizo, kompyuta isiyo na kadi inayojitegemea si kompyuta ya kuitegemea usiku wa kuamkia mawasilisho, hata ingekuwa na prosesa nzuri kiasi gani.

Kwenye kadi yenyewe, wengi huangalia jina na kusahau kumbukumbu yake. Kila mti, kila zulia, kila picha ya matofali unayoibandika ukutani hupakiwa ndani ya kumbukumbu hiyo, na ikijaa, programu hupungua kasi ghafla au hujifunga. Niliwahi kuwa na nyumba ya ghorofa 2 ambayo ilirenda bila tatizo mchana kutwa. Usiku nikaongeza safu ya miti nyuma ya uzio kwa ajili ya urembo tu, na kuanzia hapo programu ikawa inajifunga kila ikifika katikati ya picha. Nilibadilisha taa, nikabadilisha vioo, nikaondoa programu na kuisakinisha upya, na saa tisa usiku ndipo nilipogundua kwamba kumbukumbu ya kadi imejaa. Niliifuta ile miti, picha ikatoka mara ya kwanza. Tangu siku hiyo huiacha Task Manager wazi pembeni, kwenye ukurasa wa GPU (yaani kadi ya grafiki), na huangalia mstari wa kumbukumbu ya kadi kabla ya kuongeza kitu chochote.

Kwa hiyo GB 6 zitakufaa kwa miradi ya masomo ukiwa mwangalifu, na ukiweza kuongeza kidogo upate RTX 4060 yenye GB 8, utapumua zaidi. Usijikamue hadi ufikie RTX 4070 ya kompyuta mpakato kwa sababu ya kumbukumbu, kwani nayo ina GB 8 zile zile; ni mpaka RTX 4080 ndipo utakapopata GB 12.

Kuhusu RAM, GB 8 hazitoshi, na hili halina mjadala. Mwongozo wa Autodesk, watengenezaji wa Revit, kwa baadhi ya matoleo yake ulionyesha kuwa GB 16 hutosha kwa modeli moja ya Revit yenye faili la takriban MB 300, na GB 32 kwa faili la takriban MB 700. Ipo pia kanuni ya mkato ambayo wasanifu wengi hutumia: zidisha ukubwa wa faili mara 20, upate RAM ambayo modeli hiyo itaihitaji ikiwa wazi. Angalia faili lako kubwa kuliko yote lina MB ngapi, kisha ujumlishe SketchUp, kivinjari chenye kurasa 15 na PDF ya mwalimu, maana hakuna anayefungua Revit peke yake.

Fundi_Bodi

Ninakubaliana na Mkongwe, nami ninaongezea yale ninayoyaona mezani kwangu baada ya miaka miwili ya matumizi, ambayo hayaandikwi kwenye boksi.

Kwanza, ulizia kama RAM imechomelewa kwenye bodi mama au imechomekwa kwenye nafasi yake. Kompyuta nyingi nyembamba zimechomelewa, na maana yake ni kwamba GB 16 utakazonunua leo ndizo utakazofia nazo. Hiyo nene ikiwa na nafasi mbili, upungufu wake wa RAM unatibika kwa bisibisi na dakika 20, ndiyo maana mimi nisingeikataa kwa sababu ya GB 8. Kumbuka tu kwamba kipande kimoja cha RAM hupitisha data kwa njia moja, na vipande viwili vinavyolingana hupitisha kwa njia mbili, kwa hiyo unapoongeza, linganisha ukubwa na kasi.

Pili, na hili watu hawalijui kabisa: kadi mbili zenye jina moja la RTX 4050 zinaweza kupishana sana kwa nguvu. NVIDIA huwaachia watengenezaji wa kompyuta waamue kadi hiyo ipewe wati ngapi, kuanzia 35 hadi 115. Aliyeiweka ndani ya umbo jembamba huipa chache ili isichemke, na aliyeiweka ndani ya umbo nene lenye feni mbili huipa nyingi. Muuzaji atakuambia zote ni RTX 4050, na hatakuwa amesema uongo. Tafuta jedwali la sifa la mtengenezaji kwa jina kamili la modeli hiyo, pamoja na zile herufi na tarakimu za mwishoni, usome wati zilizoandikwa. Ukipata nafasi ya kuishika kompyuta yenyewe, fungua dirisha la amri, andika nvidia-smi, na mara nyingi utaona kikomo cha wati kwenye mstari wa kadi.

Tatu ni joto. Majuzi nililetewa kompyuta ya mchoraji mmoja aliyelalamika kwamba kurenda kulikochukua dakika 10 sasa kunachukua karibu nusu saa, naye alishaamini kuwa programu mpya ni mbovu. Nilipoondoa kifuniko cha chini, kati ya feni na mapezi ya shaba nilikuta vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi, hata nililing'oa kwa kibanio likatoka zima. Prosesa ilikuwa inafika nyuzi joto 97 kisha inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Nilisafisha, nikabadilisha grisi ya kupitishia joto iliyokuwa imekauka na kupasuka, na kasi yake ikarudi. Hapakuwa na kifaa kilichoharibika. Yeyote anayerenda na aiweke kompyuta juu ya meza ngumu, kamwe isiwe juu ya godoro, kwa sababu matundu ya hewa mengi yako chini.

Nne, chaja. Ukiichomoa, kadi hupunguziwa umeme na programu hizo huzorota papo hapo, kwa hiyo usihukumu kompyuta ya namna hii kwa kuijaribu ikiwa kwenye betri.

Mpenzi_wa_Archicad

Ninaongeza neno moja kwa wasomaji wengine wanaofikiria Mac. Mimi ninafanya kazi na Archicad, programu nyingine ya usanifu majengo, kwenye Mac na sina malalamiko hata kidogo; Rhino na SketchUp nazo zina matoleo ya Mac, na Twinmotion pia. Lakini Revit na Lumion ni za Windows tu. Zamani mtu aliweza kusakinisha Windows kamili kwenye Mac kwa kutumia Boot Camp, ila tangu Apple walipoanza kuhamia kwenye prosesa zao wenyewe kwa M1 mwishoni mwa 2020, njia hiyo haipo kwenye mashine hizo mpya. Tahadhari hiyo hiyo inazihusu kompyuta za Windows zenye prosesa za Snapdragon: zinadumu sana kwenye betri, lakini Revit iliandikwa kwa prosesa za jamii ya Intel na AMD. Kwa orodha ya programu uliyoitaja, ndugu mwanafunzi, wewe baki kwenye Windows na Intel au AMD.

Mwanafunzi_Usanifu

Ninawashukuru sana, nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Nimefuatilia mliyoniambia. Faili langu kubwa la Revit lina MB 210, kwa hiyo kwa ile kanuni ya mara 20 ni kama GB 4.2 kwa modeli hiyo peke yake. Ile nyembamba RAM yake imechomelewa. Ile nene ina nafasi mbili, moja iko tupu, na jedwali la mtengenezaji linasema kadi yake imepewa wati 95. Pia nimegundua jambo lililonishangaza: kile kiti cha ofisi nilichokipakua kutoka 3D Warehouse, maktaba ya mtandaoni ya modeli za SketchUp, na kukinakili mara 40 ndicho kinachoielemea modeli yangu ya SketchUp. Nilipokifuta, modeli ilizunguka bila kuruka hata kwenye kompyuta hii ya zamani.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni skrini. Ile nene imeandikwa 45% NTSC, kipimo cha upana wa rangi, na nilipoziweka sambamba, ukuta wa matofali ulionekana umepauka kama umepigwa na jua miaka mingi. Je, hilo ni la kuniondoa kwenye uamuzi huu?

Msanifu_Mkongwe

Hongera kwa kukigundua kiti hicho. Kiti kimoja kilichochongwa kwa undani kinaweza kuwa na nyuso nyingi kuliko jengo zima linalokihifadhi, na hakuna kompyuta utakayoinunua itakayokuokoa na tabia ya kupakua vitu bila kuvikagua.

Wati 95 ni nzuri, ichukue hiyo. Macho yako hayakukudanganya kuhusu skrini: 45% NTSC ni kama theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, kiwango cha kawaida cha rangi za skrini, na usipojua hilo utaongeza wekundu kwenye matofali hadi mchapaji akutolee ukuta wa rangi ya nyanya. Lakini skrini ndiyo kasoro rahisi kuliko zote kuizunguka. Kwa kuchora haina madhara, na picha za mwisho unaweza kuzikagua kwenye skrini ya nje inayoonyesha sRGB kamili kabla ya kuchapisha. Kadi ya grafiki huwezi kuiazima kwa jirani kwa namna hiyo. Ingekuwa hiyo nene ina RAM iliyochomelewa ya GB 8, hapo ningekushauri uiache bila kufikiri mara mbili.

Ongeza kipande cha GB 8 sasa ufikie 16, na siku ukianza kuunganisha modeli za wenzako ndani ya yako, badilisha vyote viwili ufikie 32. SSD ya GB 512 itajaa mapema kuliko unavyodhani, maana maktaba ya Lumion pekee inakula sehemu kubwa, kwa hiyo mwombe fundi aangalie kama kuna nafasi ya SSD ya pili.

Ukishaiwasha, nenda kwenye mipangilio ya grafiki ya Windows na uiagize Revit, SketchUp na Lumion zitumie kadi yenye nguvu, kwa sababu nimeshakuta wanafunzi waliomiliki RTX mwaka mzima huku SketchUp ikiendeshwa na grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Leseni ya kielimu ya Autodesk hutolewa bure kwa mwanafunzi aliyethibitishwa, kwa mwaka mmoja unaoweza kuhuishwa. Na kabla ya kusakinisha, ulizia kundi lako linatumia Revit ya mwaka gani: faili lililohifadhiwa katika toleo jipya halifunguki katika toleo la zamani, na Revit haina njia ya kulirudisha nyuma.