Gumzo la ukoo: Dada Zuhura anarudi lini?

Jumapili, 11 Januari 2026

Zuhura (Leicester): Masalkheri nyote. Mimi na Faraj tumekata shauri, tunahamia Mombasa. Tunataka kutua katikati ya Desemba mwaka huu ili watoto waanze shule Januari. Tunaleta kontena la futi 20 na gari letu, Toyota iliyosajiliwa mara ya kwanza Machi 2019. Athman, nianzie wapi?

Shangazi Mwanakombo: Alhamdulillahi! Karibu nyumbani mwanangu.

Athman: Masalkheri dada. Kontena liache kwanza, anza na pasi. Tupigie picha kila ukurasa wenye muhuri wa kuingia na kutoka Kenya tangu Desemba 2024. Kama pasi imebadilishwa, na ile ya zamani pia. Ili upate msamaha wa ushuru wa mkazi anayerejea, sharti uwe umeishi nje si chini ya miaka 2, na ndani ya miaka 2 hiyo usiwe umekaa Kenya zaidi ya siku 90. Watu hudhani ni siku 90 kwa kila safari. Sivyo, safari zote zinajumlishwa.

Zuhura: 📷📷📷📷
Niliingia 2 Januari 2025 nikatoka 20 Februari. Tena 28 Julai mpaka 8 Septemba.

Athman: Ya kwanza siku 50, ya pili 43. Jumla 93. Ukitua Desemba hii umepitisha siku 3.

Shangazi Mwanakombo: Siku 3 tu Athman? Hawawezi kumwachia?

Athman: Shangazi, kwenye faili siku 3 na siku 30 ni mamoja. Na msamaha ukikosekana gari linalipa lote: ushuru wa forodha asilimia 35, juu yake ushuru wa bidhaa, na juu ya hizo VAT asilimia 16, mbali na ada ndogondogo. Kodi inahesabiwa juu ya kodi. Heri kusogeza tarehe kuliko kubahatisha.

Faraj: Tukisogeza mpaka lini?

Athman: Miaka 2 inahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku mnayotua kuhamia. Mkitua baada ya 20 Februari 2027, safari ya kwanza yote imetoka kwenye hesabu, zinabaki 43. Mngetua katikati ya Januari mngepita pia, lakini kwa siku chache mno, na mtu akitofautiana nanyi namna ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, mmeingia kwenye ubishi. Mimi nasema 1 Machi 2027. Idi mtaisali nasi.

Zuhura: Basi Machi. Dada yangu huko akiugua katikati hapa naweza kuja?

Athman: Waweza. Kwa Machi unazo siku 47 za akiba. Usizimalize.

Athman: Sasa gari. Ukisogeza tarehe, gari lako linaanguka. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8, na KEBS, shirika la viwango la Kenya, huhesabu kwa mwaka wa usajili wa kwanza. Mwaka huu wa 2026 mwisho ni 2019. Ikiingia 2027 mwisho ni 2020. Hiyo Toyota ya Machi 2019 haitashuka bandarini Kilindini.

Faraj: Kwa hiyo tuiuze tununue nyengine mwakani kabla ya kuondoka?

Athman: Hapana shemeji, hapo ndipo watu hukwama. Gari la msamaha lazima uwe umelimiliki na kulitumia huko si chini ya miezi 12, na siku za baharini hazimo. Likinunuliwa mwisho wa mwezi huu, miezi 12 inatimia mwisho wa Januari 2027. Lipakiwe meli Februari. Mkikawia mpaka Mei kununua, miezi haitoshi.

Zuhura: Kwa hiyo nina wiki tatu.

Athman: Chini ya hapo. Tafuta lililosajiliwa 2021 kwenda mbele, usikae ukingoni mwa 2020. Tazama na tarehe ya kuundwa: kati ya kuundwa na kusajiliwa isizidi mwaka mmoja. Chukua la petroli. Gari mpya za dizeli za Uingereza zina kichujio cha moshi, na nyengine hutiwa AdBlue, maji ya dawa ya kusafisha moshi. Zimeundwa kwa dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, na yetu kwa miaka mingi kiwango chake kimekuwa 50. Kichujio kikiziba, mafundi wengi hapa watakwambia kikatwe. Lala chini ya gari utazame chesisi pia, chunvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji huila pole pole, na hewa ya Mombasa itamalizia.

Faraj: Twaweza kulichukua kwa mkopo wa muuzaji?

Athman: Msichukue. Ile V5C, hati ya usajili wa gari ya Uingereza, inataja anayelitunza gari, yenyewe imeandikwa kwamba si uthibitisho wa umiliki. Kwa mkopo wa aina ile mwenye gari ni kampuni ya fedha mpaka senti ya mwisho. Lipa taslimu, uwe na ankara ya ununuzi yenye jina lako, V5C jina lako, bima jina lako. Na ni gari moja kwa familia, kwa hiyo amueni leo nani anaomba. Akiomba Dada Zuhura, kila karatasi iwe ya Zuhura.

Zuhura: Na likishafika?

Athman: Kabla ya kupakiwa likaguliwe na kampuni iliyoteuliwa na KEBS, cheti kitoke huko huko. Ujaze ile sehemu ya V5C ya gari linaloondoka nchini moja kwa moja uipeleke DVLA, idara ya usajili wa magari ya huko, sehemu nyengine uje nayo. Mzigo na gari vifike ndani ya siku 90 tangu utue. Ukitua 1 Machi, hiyo ni mpaka mwisho wa Mei. Vikitangulia mbele yako vinakaa bandarini vikila pesa za hifadhi, maana mwenyewe hayupo na pasi yake haina muhuri wa kuhamia. Na usiliuze gari baadaye bila kuniuliza, likiuzwa ushuru unadaiwa.

Mwanaidi: Binamu, umechukua pasi ya Uingereza mwaka gani?

Zuhura: 2006.

Mwanaidi: Basi kwa sheria wewe si Mkenya sasa hivi. Kabla ya katiba ya 27 Agosti 2010, ukichukua uraia wa nchi nyengine wa Kenya unakufa. Haurudi wenyewe. Kifungu cha 14 kinakupa haki ya kuurejesha, lakini kwa kuomba. Tafuta cheti chako cha kuzaliwa, pasi ya zamani ya Kenya au kitambulisho, na nakala za vitambulisho vya wazazi. Fomu iko eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na ubalozi wetu pale Portland Place, London, wanakusaidia. Anza mwezi huu huu. Watoto wanapata kupitia Faraj, kwa kuwa yeye hakuacha uraia wake.

Mwanaidi: Na wewe Faraj, ule ukazi wako wa kudumu wa Uingereza hufutika ukikaa nje miaka 2 mfululizo. Kama unautaka, weka tarehe ukutani.

Mjomba Salim: Assalamu alaykum. Nimesoma yote. Zuhura, nimesikia kuna mtu anakuuzia kiwanja Kikambala, na anataka malipo ya awali mwezi ujao.

Zuhura: Wa alaykumu salaam mjomba. Ndiyo, asilimia 10.

Mjomba Salim: Usitoe hata shilingi mpaka Mwanaidi amalize lake. Asiye raia hamiliki ardhi Kenya ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Ukinunua kwa pasi ya Uingereza umejipunguzia haki yako kwa mkono wako mwenyewe.

Mjomba Salim: Kikambala iko Kilifi, lakini uliza kwanza hati imesajiliwa ofisi gani ya ardhi, na upekuzi ufanywe hapo. Mpekuzi awe wako. Yule wa muuzaji anamfanyia kazi muuzaji. Nenda na mpima, mawe ya mipaka yaonekane kwa macho. Kisha uliza majirani waliopanda minazi ile ni nani, maana Pwani mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine. Na ukikuta nyumba ya makuti yenye watu, uliza wamekaa tangu lini. Aliyekaa kwenye ardhi ya mtu miaka 12 bila idhini wala kuondolewa anaweza kuidai mahakamani. Kama ni ardhi ya kilimo, ridhaa ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi 6 ya mkataba, bila hiyo mkataba ni karatasi tupu. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini, 2 nje ya mji.

Zuhura: Nimekuelewa mjomba. Nitamwambia asubiri, na akikataa basi si riziki yangu.

Shangazi Mwanakombo: Mashine ya kufua unaleta? Watu wanazileta halafu zinakaa stoo.

Athman: Plagi na umeme vinaingiana, tabu ni maji. Tangi lililoinuliwa mita 4 linatoa msukumo wa kama baa 0.4 tu, na mashine nyingi huanzia 0.5. Weka pampu ndogo. Maji ya kisima ya chumvi usiyapitishe humo, hula ile koili ya kuchemshia.

Mwanaidi: Na msifunge vitu kwa mifuko ya plastiki ya dukani, imepigwa marufuku tangu 2017. Tumieni maboksi na mashuka.

Athman: Kila boksi namba, na orodha iseme kilichomo. Vitu viwe vya kutumika. Televisheni tatu mpya ndani ya maboksi yake zinaonekana bidhaa za biashara, na zitatozwa.

Zuhura: Faraj ameona moja hapa Leicester, petroli, usajili Septemba 2021. Anakwenda kuitazama kesho. Ankara muuzaji ataandika "Zuhura Faraj", ndivyo wanavyonijua hapa.

Athman: Na pasi inasemaje?

Zuhura: Zuhura na jina la baba. La Faraj halimo.

Athman: Basi iandikwe hivyo, herufi kwa herufi. Nitumie picha ya ankara kabla hujalipa.