Wauza pweza waondolewe Forodhani? Mimi nasema hapana

Assalamu alaykum jamaa. Barazani Mji Mkongwe, Unguja, neno hili halishi: Forodhani ni bustani, si soko, basi meza za pweza na pitsa zihamishwe, pabaki maua na viti. Nalileta hapa, kila mtu atie lake.

Mimi naanza na jina. Forodhani ni penye forodha. Kabla halijapandwa ua hata moja, pale palikuwa na mabanda ya ushuru, mahamali na mizigo ya majahazi. Gari la moshi la Bububu, la mwaka 1905, lilianzia hapo hapo mbele ya Ngome Kongwe. Bandari ilipohamia Malindi, mtaa wa hapa hapa mjini, ndipo pakabaki wazi, na mwaka 1936 pakafanywa bustani kuadhimisha miaka 25 ya Sultani wetu Sayyid Khalifa bin Haroub kwenye kiti. Wakubwa wakaiita Jubilee Gardens. Watu wakasema Forodhani, na mpaka leo ni Forodhani. Sasa ukiniambia biashara ndiyo mgeni pale, yakhe, mgeni ni maua.

Mkaazi wa Shangani:
Historia umeisema vizuri, ila umeisimamisha pale panapokufaa. Sisi tukipelekwa pale jioni na mama zetu, tunakaa majanini, vijana wanachupa baharini kutoka ukutani, tunarudi nyumbani bila kununua hata karanga. Ilipotengenezwa upya na watu wa Aga Khan na kufunguliwa 2009, nilidhani yatarudi hayo. Leo sijakaa vizuri nishaoneshwa kamba na ngisi. Na mshikaki ule ule, mimi bei yangu, mzungu aliye nyuma yangu bei yake. Hilo nalo ni la forodha?

Muuza juisi ya miwa:
Bi Shangani, hilo la bei ni kweli, wapo wenzetu wanatuharibia. Lakini njooni mwezi wa Mei, masika imeshika, wageni hawapo. Mimi niko na mashine yangu, muwa naukunja na ndimu na tangawizi, naupitisha mara ya pili, ya tatu, mpaka unatoka makapi makavu. Anayekunywa nani? Ni nyinyi, mkitoka Maghribi. Nikihamishiwa uchochoroni, mtanifuata?

Mwanzisha mada:
Kwa bei nakubali nimeshindwa. Kila meza iwe na ubao, bei moja kwa wote, asiyetaka akauze kwengine. Na upande wa baharini uachwe, meza zisiufikie, watu wakae bure. Lakini kuondoa, hapana. Zima zile taa za meza saa mbili usiku uone nani atakwenda kukaa na maua.

Mkaazi wa Shangani:
Mimi nitakwenda. Na huo ubao uandikwe Kiswahili kwanza.