Mjanja leveli ya 3: niongeze mpiganaji au niendelee? Na kuvizia ni lazima niwe nimejificha?

Chausiku_Mbagala

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kabla ya Jumamosi maana meza yetu imeshachafuka.

Tunacheza ule mchezo wa kuigiza wa mezani, Dungeons & Dragons toleo la tano, kanuni za 2014, kwa jamaa mmoja Tabata. Mhusika wangu ni halflingi (jamii ya watu wafupi), klasi yake, yaani fani, ni mjanja, yaani Rogue. Anaitwa Chausiku, kalelewa na wavuvi kwenye mji wa mwambao ambao msimulizi wetu, yule anayeongoza mchezo, kautunga mwenyewe: majahazi, mikoko, ushuru wa bandari, na jini anayeishi chini ya gati. Silaha zake ni mapanga mawili. Panga kabisa, lile la kukatia kuni. Ndivyo nilivyomwona kichwani na hapo sirudi nyuma.

Zile pointi 27 za kununulia sifa za mhusika nilizigawa hivi: Nguvu 8, Wepesi 15, Ustahimilivu 14, Akili 8, Busara 12, Haiba 14. Kwa kuwa ni wa wale halflingi wenye nyayo nyepesi, Wepesi ukafika 17 na Haiba 15. Tupo leveli ya 3, Jumamosi tunapanda ya 4.

Sasa ugomvi. Msimulizi anasema shambulio la kuvizia (Sneak Attack, dadu za ziada za madhara za mjanja) halipo mpaka niwe nimejificha. Basi kila zamu tendo langu la ziada (bonus action, lile dogo la pembeni) linaishia kwenye kujibanza nyuma ya pipa, na panga la mkono wa kushoto halina kazi. Halafu mechi iliyopita nilijibanza, nikatokea, nikamvizia mharamia mmoja vizuri tu. Zamu yake ilipofika akaamua kukimbia, akiwa amebanwa katikati yangu na paladini wetu. Nikampiga akiwa anaondoka, nikampata. Naokota dadu za kuvizia, naambiwa rudisha, ulishatumia, subiri mzunguko ujao. Kweli?

La mwisho, anayecheza kasisi ananing'ang'aniza leveli ya 4 nichukue klasi ya mpiganaji (Fighter) badala ya mjanja, nikifika ya 5 nichukue tena, nipate lile tendo la nyongeza (Action Surge, tendo zima la pili) ili nivizie mara mbili kwa zamu. Mwingine anasema sikubaliki kwa sababu Nguvu ni 8. Nimechanganyikiwa.

MzeeWaDadu

Dada Chausiku, mharamia ulidhulumiwa.

Kanuni inataka silaha iwe ya ufundi (finesse, inayotumia Wepesi badala ya Nguvu) au ya masafa. Kisha moja kati ya mawili: uwe na faida, kwamba unarusha d20 (dadu ya pande 20) mbili unachukua kubwa, au awepo adui mwingine wa huyo unayempiga ndani ya futi 5 kutoka alipo, asiwe hoi, na wewe usiwe na hasara kwenye dadu. Basi. Kujificha ni njia mojawapo tu ya kupata ile faida. Paladini akishasimama ubavuni mwa mtu, wewe unaweza kuja mbele yake unaimba taarabu na kuvizia kukabaki halali.

Kuhusu kurudia: maandishi yanasema mara moja kwa zamu. Hayasemi kwa mzunguko, yaani kila mtu akishapata zamu yake. Zamu ya mharamia si zamu yako, kwa hiyo hesabu imeanza upya. Na pigo la mtu anayekimbia linatua kabla hajatoka mkononi mwako, maana yake paladini bado alikuwa naye futi 5. Zile 2d6, dadu mbili za pande sita, zilikuwa zako. Ila jibizo (reaction, tendo unalofanya nje ya zamu yako) unalo moja tu, linarudi zamu yako ikianza, kwa hiyo usitegemee kila mharamia atakukimbilia.

Hapo hapo ndipo wazo la kasisi linapoanguka. Lile tendo la nyongeza la mpiganaji unalitumia ndani ya zamu ile ile, na kuvizia ni mara moja kwa zamu. Unapata pigo la kawaida tu. Kuna ujanja wa kutumia tendo la pili kujiweka tayari upige zamu ya mtu mwingine. Hilo linakubalika, lakini linakula jibizo lako, na tendo lenyewe la nyongeza linarudi baada ya mapumziko. Leveli mbili nzima kwa ajili ya hilo mimi sitoi.

Aliyekwambia Nguvu 8 inakuzuia kasoma nusu mstari. Mpiganaji anataka Nguvu 13 AU Wepesi 13. Una 17. Mlango uko wazi, mimi ndiye nakuomba usiingie, na sababu ni hii: nyongeza ya sifa ya leveli ya 4 inafuata leveli ya klasi, haifuati jumla. Mjanja 3 na mpiganaji 1 hapati kitu. Na tazama namba zako zilivyokaa: 17 na 15, zote witiri. Chukua moja uweke kwenye Wepesi iwe 18, moja kwenye Haiba iwe 16. Vipimo viwili, zile namba unazojumlisha kwenye dadu, vinapanda kwa mpigo, +3 inakuwa +4 na +2 inakuwa +3. Ukizirundika zote kwenye Wepesi unapata 19, ambayo bado ni +4 ile ile. Sijui ulipanga au ni bahati ya halflingi, ila umegawa vizuri sana.

Halafu leveli ya 5 kuvizia kunakuwa 3d6, na unapata ule uwezo wa kutumia jibizo kukata nusu ya madhara ya pigo moja. Kwa mtu mdogo anayesimama mstari wa mbele na mapanga, hilo ndilo litakalokuweka hai.

Mapanga mawili nayo usiyaache. Kwa sasa unarusha na +5: +3 ya Wepesi na +2 ya ujuzi wa silaha. Adui mwenye kinga 15 unampata kwa 10 na kuendelea, yaani 55%. Ukiwa na nafasi mbili, uwezekano wa angalau moja kutua ni karibu 80%. Pigo la pili haliongezi kipimo chako kwenye madhara, lakini nani anajali, unachotaka ni ile tiketi ya kuvizia. Gharama yake ni tendo la ziada: zamu hiyo huwezi kuchomoka wala kujificha. Pima kila zamu.

BintiGerezani

Mmeruka panga lenyewe. Kwa kanuni za 2014 linalofanana nalo zaidi ni kitara: d6, la ufundi, jepesi. Tatizo mjanja hajafunzwa kitara, kwa hiyo ile +2 ya ujuzi huipati. Hapo ndipo mpiganaji angekusaidia, anakuja na silaha zote za kivita, lakini ni bei kubwa mno kwa panga. Mwombe msimulizi atumie namba za sime: d6, la ufundi, jepesi, na mjanja anaijua. Tofauti ni kwamba sime inachoma na kitara kinakata. Msimulizi aliyetunga jini la gatini hashindwi na hilo.

Mkihamia kanuni za 2024 shida inaisha. Mjanja anaruhusiwa silaha za kivita zilizo nyepesi au za ufundi, na kitara kina umahiri unaokuruhusu kupiga pigo la pili ndani ya tendo lile lile. Tendo la ziada linabaki huru.

Kamanda_TZ

Mimi naona mnamwonea msimulizi. Mezani neno lake ndiyo la mwisho, mchezo usisimame watu wabishane nusu saa umeme wenyewe wa mashaka. Kama anataka kuvizia kuwe kwa kujificha tu, ni haki yake.

MzeeWaDadu

Haki yake kabisa, ila aitangaze kabla watu hawajachagua klasi. Kumbana mjanja hivyo leveli ya 3 ni kumnyang'anya mpiganaji upanga. Hati ya kanuni 5.1 ni ya bure, imewekwa chini ya Creative Commons tangu Januari 2023. Dada, mtumie WhatsApp leo, si Jumamosi mbele za watu. Asome sehemu ya mjanja mwenyewe.

Chausiku_Mbagala

Nimemtumia. Kajibu "ngoja nione", kwake hiyo ni dalili nzuri. Mpiganaji nimemwacha, kasisi kanuna.

Mawili ya haraka. Nikiishiwa mapipa naweza kujificha nyuma ya paladini? Na d20 ikitoka 20, dadu za kuvizia nazo zinazidishwa?

BintiGerezani

Nyuma ya paladini unaweza kujaribu, wenye nyayo nyepesi wanaruhusiwa kujificha nyuma ya kiumbe kinachowazidi ukubwa walau kwa daraja moja. Unarusha dadu ya kunyatia kama kawaida.

Na 20 inazidisha dadu zote za shambulio: panga 2d6, kuvizia 4d6, halafu kipimo chako mara moja tu. Nunua dadu sita za ludo Kariakoo ukae nazo.