Tupeane uzoefu: kuwasimamia mafundi na vibarua kwenye ujenzi wa nyumba

Timazi:
Wakuu, nyumba nyingi huanza kuharibikia kwenye malipo. Ukimlipa fundi kwa siku, kazi inarefuka. Ukimlipa kwa tofali, ukuta unapanda mbio na viungo vya wima vinabaki na matundu, maana plasta itavificha. Mnabanaje?

Kokoto:
Tofali lipa kwa idadi, ila ukuta usizidi mita 1.5 kwa siku, na hesabu ifanyike baada ya kupitisha timazi (uzi wenye uzito, kuona kama ukuta umesimama wima) na pima maji (kuona kama umelala sawa). Zege lipa kwa siku. Ukilipa kwa mfuko wa saruji, watu watakimbiza wamalize, na njia rahisi ya kukimbiza ni kuongeza maji ili koleo liwe jepesi. Mfuko wa kilo 50 unataka maji lita 25 hivi, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Mkabidhi mtu mmoja ndoo ya kupimia. Mwingine asiguse pipa.

Mpimaji:
Naongezea. Koleo si kipimo: asubuhi linajaa, mchana mikono imechoka linapungua. Gongeni boksi la mbao lisilo na kitako, ndani sm 35 × 25 × 40. Hizo ni lita 35, ujazo wa mfuko mmoja. Kwa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mfuko mmoja unachukua boksi 2 za mchanga na 4 za kokoto.

Saidia Fundi:
Mafundi wanne kwa saidia wawili ni hasara, fundi atakaa akisubiri udongo (mchanganyiko wa saruji na mchanga). Saidia mmoja kwa fundi mmoja, wawili ukuta ukifika juu ya jukwaa. Na kumwagilia zege siku 7 kusiachwe "kwa wote": andika jina la mhusika wa kila siku, Jumapili ikiwemo, na imlipe.

Mlipaji:
Gawa malipo kwa hatua: msingi, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kupaua, plasta. Bakiza asilimia 10 ya fundi mkuu hadi kasoro zirekebishwe. Ya vibarua usibakize kabisa! Wakikosa hela Jumamosi, Jumatatu hawaji. Walipe mkononi, kila mtu asaini; fundi mkuu akitoweka na posho yao, watadai kwako.

Timazi:
Na mirunda (nguzo za miti) inayoshikilia slabu, yaani dari la zege, ikae siku ngapi kabla ya kung'olewa?

Kokoto:
Siku 14, chini ya bimu (mihimili ya zege) ndefu siku 21. Huwa inang'olewa mapema kwa sababu mbao zinahitajika chumba cha pili, kwa hiyo nunua au kodi seti mbili tangu mwanzo.