Naomba ushauri: siku ya afya kwa wanawake wa chuo, tusiishie kwenye vitenge

Habari zenu wapendwa. Nipo kwenye kamati ya wanawake wafanyakazi wa chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Kila Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, tunashona vitenge vya sare, tunaandamana na bango, tunapiga picha, basi. Safari hii tunataka upimaji: presha, sukari, matiti na mlango wa kizazi.

Kinachonisumbua ni nani atakuja. Wahadhiri na makatibu muhtasi wanajipangia muda. Mama zetu wa usafi na jikoni wengi wako chini ya mzabuni. Wakiacha zamu wanakatwa hela, na ndio hao hao wasio na bima. Halafu kuna aibu. Kipimo cha siki cha mlango wa kizazi (wanapaka siki kuangalia dalili za awali za saratani) ni cha dakika chache tu, lakini nani atakubali kuvua nguo jirani na ofisi ya bosi wake? (Hata mimi ningesita.)

Mliowahi kuandaa, mzabuni mlimwingiaje? Tupimie zahanati ya chuo au nje kabisa? Na atakayekutwa na tatizo, mlimfikishaje hospitali bila habari kuvuja? Bajeti ni michango yetu wenyewe, na wengine tayari wanaulizia kitenge cha mwaka huu.